Ruzuku ya kuhifadhi vitu vya kale Mombasa: mwongozo kamili kutoka stoo hadi ripoti ya mwisho

Ombi la ruzuku ya uhifadhi huanzia stoo. Mfadhili aliyeko London au Geneva hajui harufu ya stoo ya Mombasa mwezi wa Mei, wala hana njia ya kuijua ila kwa karatasi utakazompelekea. Anachotaka kuona humo ni mambo manne: ni kitu gani kinaharibika, kinaharibiwa na nini, kitaendelea kuharibika kwa kasi gani kikiachwa kilivyo, na pesa zake zikiisha nani atalipa umeme. Maombi mengi yanayokataliwa yamejaa historia tamu ya kitu na hayana hata mstari mmoja juu ya hali yake.

Maelezo haya yanawafaa wenye mkusanyo mdogo au wa kadiri: makumbusho ya mtaa, msikiti wenye misahafu ya mkono, shule kongwe, familia ya Mji wa Kale yenye makasha na hati, au wazee wa kaya za Wamijikenda. Taasisi kubwa zina idara za kazi hii, lakini nazo hujikwaa kwenye mawe yaleyale.

Mali ni ya nani?

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo maombi mazuri hufia. Ikiwa kitu ni cha mkusanyo wa taifa, kama vilivyomo Fort Jesus, mwombaji ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi inayofanya kazi chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Afisa wa kituo huandaa ombi, lakini sahihi ya kuifunga taasisi hutoka makao makuu Nairobi. Jiwekee wiki 6 za kuitafuta sahihi hiyo. Ukilipeleka faili siku 5 kabla ya mwisho, ujue umeshaikosa awamu.

Misahafu na vitabu vya dini vya pwani mara nyingi vina maandishi ya waqfu kwenye kurasa za mwanzo. Yasome kabla ya jambo lolote. Kitabu cha waqfu hakiuzwi wala hakirithiwi, na anayekisimamia hana mamlaka ya kukitoa atakavyo. Ipige picha kurasa hiyo, itafsiri, na uambatanishe na barua ya ridhaa ya msimamizi wa waqfu. Ikiwa msimamizi hajulikani, pita kwanza kwenye ofisi ya Kamisheni ya Waqfu, iliyoko hapahapa Mombasa.

Mali ya familia ni ngumu zaidi. Wafadhili wengi hawatoi pesa kutengeneza mali ya mtu binafsi, na wana sababu: kasha likishasafishwa kwa ruzuku laweza kuuzwa kesho yake. Njia inayokubalika ni mkataba wa kukikabidhi kitu kwa taasisi kwa miaka maalumu, tuseme 10 au 15, huku umiliki ukibaki kwa familia na kukiwa na kifungu cha kutouza. Warithi wote watie sahihi. Shangazi mmoja aliyeko Muscat akija kupinga katikati ya mradi, kazi yote husimama.

Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wafu, vinataka uangalifu wa pekee. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na vingine vimerudishwa, vikiwemo viwili kutoka Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo mfadhili atauliza kigango kilifikaje mikononi mwenu. Tena si kila kigango kinafaa kutiwa dawa au kuwekwa kabatini, maana kusudi lake ni kusimama mahali pake hadi kioze. Uamuzi huo ni wa ukoo na wazee, nao lazima uandikwe kwenye ombi kwa maneno yao wenyewe.

Jambo la mwisho la sheria: kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakivuki mpaka bila kibali. Kama mpango wako ni kupeleka vipande vya kutu au nyuzi za kitambaa maabara ya Ulaya, omba kibali mapema na ukionyeshe kwenye ratiba.

Ukaguzi wa hali: siku nyingi zitumike hapa

Ukaguzi ndio uti wa mgongo wa ombi. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anatazama na kusema, mwingine anaandika na kupiga picha. Kwa mwendo wa kawaida watakagua vitu 30 kwa siku. Vitu 600 ni siku 20 za kazi, kwa hiyo kazi hii haifanyiki wiki ya mwisho. Mkusanyo ukiwa mkubwa sana, kagua kimoja katika kila 10 kwa mpangilio wa rafu, bila kuchagua vya kupendeza, kisha ongeza vyuma na shaba zote, kwa kuwa hivyo ndivyo huharibika upesi zaidi katika hewa yetu.

Tumia alama nne. 1: kitu ni imara. 2: kina kasoro za zamani lakini kimetulia. 3: kimedhoofika, kushikwa tu kunakidhuru. 4: kinaharibika sasa hivi. Tofauti ya 2 na 4 ndiyo inayompa mfadhili sababu ya kutoa pesa mwaka huu badala ya mwaka kesho. Kasha lililovunjika mguu miaka 60 iliyopita halina haraka. Lenye unga mpya chini yake lina haraka.

Na hayo yaandikwe kwa usahihi. Sentensi kama "kasha limechakaa na linahitaji ukarabati" haimsaidii mtu. Andika hivi: mguu wa nyuma wa kushoto umeliwa na mchwa hadi sm 4 kutoka chini, ubao wa chini una mashimo 23 ya bungua, 6 kati yake yana unga mweupe, misumari 11 ya shaba imezungukwa na utando wa kijani unaopaka kidole, bawaba moja haipo. Ili ujue kama bungua yu hai, safisha mashimo kwa brashi laini, tandika karatasi nyeusi chini ya kasha, urudi baada ya wiki 2. Unga mpya kwenye karatasi ni ushahidi. Upige picha pamoja na tarehe.

Chuma kilichotoka baharini au ardhini karibu na bahari hujieleza chenyewe. Ukiona vitone vya rangi ya chai vimesimama juu ya kutu kama jasho, au maganda yanabanduka na kuacha rangi ya chungwa ndani, chumvi bado inafanya kazi. Shaba iliyo mgonjwa hutoa unga wa kijani hafifu, laini, unaochimba vishimo; utando wa kijani kibichi ulio mgumu na uliotulia ni jambo jingine, usiukwangue.

Picha ziwe na rula, kadi ya rangi na nambari ya usajili. Piga nyuma na chini pia. Kitu kisicho na nambari kipewe nambari kabla ya kukaguliwa, la sivyo ripoti yako itazungumzia "sahani ya bluu" katika stoo yenye sahani 40 za bluu.

Tahadhari moja ambayo huachwa sana: mikusanyo ya zamani, hasa ngozi, manyoya na vitu vya kusuka, huenda ilipigwa dawa ya wadudu yenye aseniki au DDT. Unga mweupe si ukungu kila mara. Vaeni glavu za nitrili na barakoa inayofaa, na gharama ya kupima dawa hizo muitie kwenye bajeti.

Hewa ya stoo iwekwe kwenye tarakimu

Unyevuanga wa Mombasa huzunguka asilimia 65 mchana na hupita 80 usiku na alfajiri. Ukungu huota pale unyevu unapokaa juu ya 65 hadi 70 kwa muda na hewa haisogei. Kila mtu wa pwani anayajua haya kwa pua, lakini mfadhili anataka grafu.

Nunua virekodi vidogo vya joto na unyevu visivyopungua vitatu: kimoja katikati ya stoo, kimoja kwenye kona mbaya kuliko zote (aghalabu ukuta wa mawe ya matumbawe upande wa upepo), na kimoja nje penye kivuli. Vitegeshe virekodi kila dakika 30. Visiguse ukuta, visikae chini ya feni. Mwaka mzima ndio bora, ili uonekane msimu wa kaskazi na wa kusi. Muda ukibana, miezi 4 inayogusa mvua za masika inatosha kulitetea ombi.

Ukishapata tarakimu, usikimbilie kuomba viyoyozi. Kosa hili limekula pesa nyingi za wafadhili katika nchi za joto, na wakaguzi wa maombi wanalijua. Fanya hesabu hii: hewa ya nje ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 65, maji huanza kujitenga kwenye kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24.6 hivi. Stoo iliyopoozwa hadi nyuzi 22 kisha umeme ukapotea, mlango ukafunguliwa, kila chuma humo ndani hulowa. Kiyoyozi kinachozimwa saa 11 jioni kila siku ili kupunguza bili kina madhara kuliko kutokuwa nacho. Ukikiomba, onyesha kitawaka usiku na mchana, nani atalipa, na jenereta itasimama kwa mafuta ya nani.

Kinachofanya kazi hapa ni hatua mbili. Kwa chumba kizima: ziba mapaa, ondoa vitu ukutani, weka feni za kusogeza hewa na, ikibidi, kikausha hewa kimoja cha kuushusha unyevu hadi karibu 60. Kwa vitu vilivyo hatarini: visanduku vya plastiki aina ya polipropileni vyenye kifuniko cha mpira na jeli ya silika ya kunyonya unyevu ndani. Kanuni inayotumika kwa makabati ya maonyesho ni kilo 20 za jeli kwa mita 1 ya ujazo. Kisanduku cha lita 30 kitataka gramu 600, na kwa vile mfuniko hauzibi kabisa na hewa yetu ni nzito, weka mara mbili yake. Nunua yenye kiashirio cha rangi ya chungwa. Ile ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Jeli hukaushwa upya kwenye joko la nyuzi 105 hadi 120 kwa saa kadhaa, kwa hiyo joko dogo liwe kwenye bajeti, na jina la mtu wa kulishughulikia liwe kwenye mpango wa kazi.

Mfadhili yupi kwa kitu gani

Hapa watu hupoteza muda kwa kutuma ombi moja kila mahali. Kila mfuko una mlango wake, na mlango ukiwa si wako hakuna lugha nzuri itakayokuingiza.

Chukua mfano wa Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596 na kuingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Wengi hudhani hadhi hiyo inafungua msaada wa UNESCO kwa chochote kilichomo ngomeni. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 unahusu mali isiyohamishika: majengo, magofu, maeneo. Msaada wa Mfuko wa Urithi wa Dunia huombwa na serikali, nao huenda kwenye kuta, paa na usimamizi wa eneo. Bakuli la Kichina lililomo kabatini si sehemu ya hesabu hiyo. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, ulioanzishwa 2006 na wenye makao Afrika Kusini, nao huelekea upande huohuo. Ukitaka kupita huko, unganisha: paa linalovuja la jengo la stoo ni la jengo, na kulitengeneza kunaokoa vitu.

Kwa hati na misahafu, Endangered Archives Programme ya British Library ni mlango mpana, na imewahi kufadhili kazi ya hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Lakini elewa inalipia nini: kupiga picha za kidijitali. Hati za asili hubaki nchini na nakala huwekwa wazi kwa wasomaji. Matengenezo hulipiwa kidogo tu, kiasi cha kuiwezesha karatasi kupigwa picha bila kupasuka. Kwa nyaraka, picha na kanda za karne ya 20, mwenzake ni Modern Endangered Archives Program ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA. Ikiwa wazee wa msikiti hawataki picha ziwe kwenye intaneti, usiombe huko. Elekea kwa The Islamic Manuscript Association au The Barakat Trust.

Cultural Protection Fund ya British Council imekuwa ikiiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Huwa inataka mambo matatu kwa pamoja, yaani kulinda urithi, kufundisha watu, na kuifikia jamii. Ombi la kusafisha visu 40 vya shaba bila mafunzo halitavuka hatua ya kwanza. ALIPH ya Geneva ilianza 2017 kwa urithi ulioathiriwa na vita, kisha ikaanza kuangalia pia madhara ya tabianchi. Ubalozi wa Japani una msaada mdogo wa kitamaduni usiozidi yen milioni 10 kwa mradi, na huo ni wa vifaa, hivyo unafaa kwa rafu, vikausha hewa na makabati. Mfuko wa mabalozi wa Marekani hutangazwa kupitia ubalozi, hukataa mali ya watu binafsi na mabaki ya binadamu, na humtaka mwombaji awe amesajiliwa kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaopokea fedha zake. Usajili huo unaweza kuchukua wiki nyingi kwa tofauti ya nukta moja tu katika jina la taasisi.

Mifuko hii hubadilika, mingine hufungwa mwaka mzima. Soma tangazo la mwaka huu, tena soma kwanza sehemu ya "hatugharamii". Kikundi kisichosajiliwa kitafute taasisi ya kukibeba. Waliosajiliwa kama mashirika wahakikishe hati zao zinaendana na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024.

Mpango wa kazi unaoaminika

Mkaguzi wa ombi huwa ni mhifadhi mwenzako. Akiona muda usiowezekana hufunga faili. Mzinga wa chuma uliolowa chumvi hauponi kwa miezi 12. Kuitoa chumvi kwa umeme ndani ya maji ya magadi huweza kuchukua miaka. Vitu vidogo vya chuma huhitaji miezi kadhaa, maji yakibadilishwa na chumvi kupimwa kila mara. Vitu vya meli ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, ni somo tosha: uchimbaji ulikuwa wa misimu michache, utunzaji haujui mwisho. Kwa ruzuku ya mwaka mmoja, ahidi kuvituliza vyuma vyote ndani ya visanduku vikavu na kutibu vichache vilivyotajwa kwa nambari.

Maji nayo ni hesabu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kuosha vigae vya baharini kwa maji ya kisima ni kuvirudishia ulichokitoa. Tia kwenye bajeti mtambo mdogo wa kuondoa madini kwenye maji na kipimo cha kupitisha umeme majini. Kazi ya kutoa chumvi huisha pale kipimo kinapokoma kupanda baada ya kubadilisha maji mara kadhaa mfululizo. Anayesema "tutaloweka wiki 2" anakisia.

Kwa makasha na milango yenye bungua, njia safi ni kuwanyima hewa. Kitu hufungwa ndani ya filamu isiyopitisha oksijeni, oksijeni ikashushwa chini ya asilimia 0.5 kwa wiki 3. Kasha la mita 1.2 kwa 0.5 kwa 0.6 lina ujazo wa lita 360. Oksijeni ndani yake ni lita 75 na ushei. Kwa pakiti za kunyonya oksijeni, kila moja lita 2, utahitaji pakiti 38, na kwa uvujaji ongeza hadi 50. Ukiisukuma hewa kwanza kwa nitrojeni, pakiti hupungua sana. Pakiti hupata moto, zisiguse mbao. Na njia hii haiachi kinga yoyote: kasha likirudishwa sakafuni, mchwa watarudi. Liinuliwe sm 15 kutoka chini na kuachwa sm 10 kutoka ukutani. Vitegemeo vya kuinulia ni senti chache, lakini visipoandikwa kwenye bajeti havitanunuliwa.

Karatasi: hakuna kulaminetisha, hakuna gundi ya utepe. Mipasuko hufungwa kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya methili selulosi. Gundi ya wanga wa ngano ni nzuri kwingineko, hapa huwaita mende. Kwa upigaji picha, kurasa ya A4 kwa nukta 400 kwa inchi ni megabaiti 46 ikihifadhiwa bila kubanwa. Msahafu wa karatasi 300 ni picha 600, yaani karibu gigabaiti 28, na nakala tatu ni 84. Diski mbili ziwe Mombasa katika majengo tofauti, ya tatu iwe mji mwingine.

Kama stoo yenyewe ni vurugu, omba pesa ya kuipanga kwanza. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, ina utaratibu uitwao RE-ORG kwa ajili ya stoo ndogo zisizo na fedha, na kuutaja kwa jina humwonyesha mkaguzi kwamba unajua unakoelekea. Mombasa pia ina bahati ya kuwa makao ya kituo cha mafunzo ya urithi kilichoanza mwaka 2000 kwa jina la PMDA na baadaye kuitwa CHDA. Kwa hiyo mafundi waliosomea kazi hii wapo nchini. Watafute hao kabla ya kuandika jina la mtaalamu wa ng'ambo.

Bajeti

Wafadhili hutoa dola, pauni au yuro, nasi tunalipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Mradi wa dola 20,000 uliopangwa kwa shilingi milioni 3.2 ukajikuta na milioni 2.6. Piga bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo, andika kiwango ulichotumia, na uulize mapema kama mfadhili anaruhusu akiba ya dharura, maana wengine hawaruhusu.

Jeli, filamu, karatasi zisizo na asidi na sponji za polithini huagizwa nje. Kwenye bei ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16, ada za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Msamaha wa kodi upo kwa baadhi ya miradi, lakini usiujengee bajeti kabla barua haijaingia mkononi. Mzigo ukilala bandarini ukisubiri msamaha, gharama za kuulaza huweza kuipita kodi yenyewe. Asetoni na ethanoli hazipandi ndege kama mzigo wa kawaida. Zinunue kwa wauza kemikali wa hapa.

Mtaalamu wa kulipwa ana kodi ya zuio: asilimia 5 akiwa mkazi, 20 akiwa si mkazi. Mkataba useme wazi kama ada ni kabla au baada ya makato. Mishahara ya watumishi wa umma waliokwisha ajiriwa hukataliwa na wafadhili wengi. Itaje kama mchango wenu, kwa saa na kwa thamani.

Kila kifaa kikubwa kiwe na kotesheni tatu zilizo na tarehe. Fundi seremala wa mtaani asiye na risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, atakuletea taabu wakati wa ukaguzi wa hesabu, hata awe hodari namna gani. Mwambie mapema ajisajili, au tafuta karakana iliyosajiliwa. Kisha fanya bajeti ya pili, ya miaka 3 baada ya ruzuku: umeme wa joko, betri za virekodi, jeli ya kubadilisha, siku za mtu wa kukagua. Iambatanishe pamoja na barua ya anayelipa. Ukurasa huu mmoja hufanya kazi kuliko barua 10 za pongezi kutoka kwa waheshimiwa.

Kuandika na kutuma

Fuata mpangilio wa fomu yao, si wako. Ndani yake, mwendo ni huu: kitu na thamani yake kwa aya moja, hali yake kwa tarakimu za ukaguzi, chanzo kwa grafu ya unyevu, tiba, watu, ratiba, na matunzo ya baadaye. Historia isizidi robo ukurasa. Ombi likiandikwa kwa Kiingereza, wape wazee au wamiliki muhtasari wa Kiswahili waukubali kwa sahihi, ili asije mtu akasema hakujua vitu vitafunguliwa.

Hesabu kinyumenyume kutoka siku ya mwisho: wiki 6 za sahihi, wiki 3 za kotesheni, wiki 4 za ukaguzi, na miezi ya virekodi kabla ya hapo. Tuma siku 2 kabla. Intaneti ikikatika usiku wa mwisho, hakuna wa kukuonea huruma.

Pesa zikiingia

Fungua akaunti au angalau daftari la pekee la mradi. Usianze kutumia kabla mkataba haujatiwa sahihi na pande zote, kwani matumizi ya kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida hayarudishwi. Ukitaka kuhamisha pesa kutoka fungu moja kwenda jingine, andika barua kwanza, subiri jibu, ndipo uhamishe. Picha za baada ya kazi zipigwe kwa pembe na mwanga uleule wa picha za ukaguzi, na kila kilichofanyika kiandikwe kwenye kadi ya kitu: kemikali, kiwango chake kwa asilimia, tarehe, jina. Aliyepaka Paraloid B-72 (utomvu wa akriliki wa kuimarishia) ya asilimia 5 katika asetoni aandike hivyo. Mhifadhi wa miaka 30 ijayo akikuta neno "vanishi" atalazimika kuanza kupima upya.

Ombi likikataliwa, omba maoni ya wakaguzi, kisha usubiri miezi 6 na uvikague tena vile vya alama 3 na 4 tu. Kilichokuwa 3 kikawa 4, piga picha mpya na uiweke kando ya ya zamani, tarehe zikionekana, kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi la awamu inayofuata.